Ukuta wa Mama na Kitu cha Mviringo Chenye Mkia

Sisi tuliokulia Newala zile enzi za kushuka bondeni alfajiri kuteka maji na kurudi jua limeshakuwa kali, daftari hatukulijua sana. Mimi mwenyewe shule niliionja tu, kama mtu anayeonja mchuzi akarudisha upawa. Lakini msidhani watu waliishi kiholela. Mama yangu hata jina lake hakuweza kuliandika, ila alikuwa na mkaa, na nyumba yetu ilikuwa na ukuta.

Likija jambo kubwa, alichora duara katikati ya ukuta wa barazani na ndani yake akaweka picha ya jambo lenyewe. Kutoka pale alivuta mistari kwenda kila upande, kila mstari unaishia kwenye kitu chake, na mistari inazaa mistari. "Jambo ni kama mhogo," alisema. "Ukivuta shina bila kufukua pembeni, mizizi inakatikia chini." Akipita na ufagio husimama, hutazama, huongeza kamstari. Mwaka mmoja mstari wa mihogo ya kuanika ulipita karibu na mstari wa mbuzi, akaduwaa pale, halafu akacheka. Kesho yake mihogo ilihamia juu ya paa, mbuzi wakabaki kuangalia mbinguni.

Kasoro yake ilikuwa moja: kuchora hakujua. Kuku wake na chungu chake walikuwa mapacha.

Baba yeye alitumia kamba, kila jambo fundo moja. Shida ya fundo, halisemi. Ungemkuta anaipapasa kamba anauliza, "Hili la tatu lilikuwa la nini?" Mama anamjibu kutoka jikoni, "La kunikumbusha niolewe kwingine, Baba Hamisi."

Sasa, mwaka ambao kaka yangu Hamisi alikuwa anatoka jandoni, ukuta ule ulijaa mpaka karibu na mlango. Katikati kofia, ndiyo Hamisi. Mistari ikaenda kwenye maji, mbaazi, ngoma, nguo mpya, wageni wa Nanganga na wa Lukuledi. Mama alikuwa na hofu, maana mwali wa jando akitoka kukapungua kitu, watu wataisema nyumba hiyo mpaka wajukuu. Akanikabidhi ukuta. "Mbuzi asijisugue hapa, mtoto asipapase. Ukifutika, wewe na mimi."

Zikiwa zimebaki siku tatu, Mama yuko bondeni, akatokea Shangazi Somoe, dada yake Baba, kutoka Lukuledi. Mwanamke mwenye nguvu na huruma, mikono yake haijui kupumzika. Kilemba chake alikifunga kwa nyuma, ncha ikining'inia mpaka mabegani. Akautazama ukuta.

"Nyumba inapokea wageni, imechafuliwa kama jiko. Nani kafanya hivi?"

"Shikamoo, Shangazi. Ni Mama."

"Marahaba. Masikini, uchovu huo. Lete udongo mweupe tumsaidie."

Nifanyeje? Niliambiwa mbuzi, niliambiwa mtoto. Shangazi sikuambiwa, na mtoto wa siku zile hakumkatalia shangazi yake. Nikaleta udongo. Tena nisiseme uongo, nilipaka kwa raha kabisa, mpaka viwiko.

Mama alirudi na debe kichwani. Aliuona ukuta unang'aa kama yai. Debe halikutikisika, ila shingo yake niliiona ikikaza. "Wifi," akasema, "umefanya kazi nzuri." Angesema nini? Wifi ni wifi. Akaenda jikoni, akakaa chini, na mimi nikamfuata kupeleka sikio langu, maana nilijua linatafutwa. Hakulivuta. Alimwaga majivu sakafuni, akatuita wote, akasema kila mtu achore alichokiona.

Hapo ndipo nilipokuwa mfalme. Mimi nililinda ule ukuta, nilikuwa naukodolea macho mchana kutwa. Penye ufa palikuwa na maji. Chini ya tundu la mjusi, miguu ya wageni. Dada Zuhura akajazia nguo na ngoma. Ikabaki picha moja, pembeni kabisa: kitu cha mviringo chenye mkia.

"Ni nini hicho?" Mama akauliza.

"Wewe ndiye uliyechora, Mama."

Hakukumbuka. Zuhura akasema upawa. Baba akasema birika. Mimi nikasema panya, nikatolewa nje. Mama hakuthubutu kupuuza, akaazima kwa majirani pawa nne, birika tatu na kibuyu chenye shingo.

Siku ikafika. Kila kitu kipo, Hamisi ameng'aa, ngoma inalia. Shangazi Somoe hakuwa na kazi maalumu, kwa hiyo alifanya za wote. Alihamisha mikeka, akawahamisha wapiga ngoma, kisha akapita kwenye vyungu vya mbaazi akitia chumvi. Hakujua wapishi walishatia. Akazunguka akarudi, akatia tena.

Wageni walikula kwa adabu, halafu wakaanza kunywa. Mapipa mawili tuliyoyajaza kwa siku tano yalikuwa yanashuka mnaona kwa macho, na ilikuwa saa sita tu. Mama alisimama kati ya mapipa. Shangazi akapita mbele yake, kichwa cha mviringo, ncha ya kilemba inacheza nyuma.

Mama aliangua kicheko mpaka akashika pipa. "Ndiye huyo," akasema. "Nilijichorea wifi apewe kazi mapema."

Akamwita kwa heshima zote. "Wifi, maji haya namkabidhi mkubwa wa ukoo. Asinywe mtu bila wewe." Shangazi akachukua upawa, akakaa kama askari. Baba alikwenda mara mbili, akarudishwa mara mbili. "Ulikunywa, nimekuona." Maji yalifika jioni, wageni wakaondoka wakisifu, na Hamisi hakuaibika.

Juzi mjukuu wangu Rahma amerudi kutoka semina Masasi, kaniletea habari mpya: kuna kuchora duara, unatoa matawi, akili inafunguka. Anachora kwenye simu, kwa rangi saba. Nikamwambia hongera. Harusi ya rafiki yake imepangwa humo yote. Wiki hii simu imetumbukia kwenye ndoo, kamati nzima imekaa sebuleni kwangu kama wafiwa. Nikawauliza, kwani nyinyi hamkuwahi kuuona huo mchoro? Wakasema, babu, mchoro wenyewe una neno la siri.

Nikaenda jikoni nikachukua kipande cha mkaa, nirudi niwaonyeshe. Kuta zote za nyumba hii zimepakwa rangi ya maziwa, na mwanangu ndiye aliyelipia. Nikasimama pale kidogo, mkaa mkononi, wao wameinamia simu wanaipuliza. Nikaurudisha jikoni.