Asali ya Wakili

Afisa mikopo alizisoma karatasi zangu hadi mwisho, akatabasamu, kisha akazigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Mwalimu, umeandika vizuri sana. Hata mimi nimeitamani hiyo nyumba. Lakini benki haiwezi kukupa mkopo kwa karatasi hizi."

Zilikuwa makubaliano yangu na mzee aliyeniuzia nyumba Unyambwa, kurasa mbili nilizoandika kwa mkono na kuzigongesha muhuri ofisi ya serikali ya mtaa, kama wafanyavyo wengi. Mipaka ilikuwemo, bei ilikuwemo, na aya ndefu ya nyuki. Mzee huyo, mstaafu wa idara ya maji, alikuwa anahamia kwa binti yake, kwenye ua wa saruji mtupu, na nyuma ya nyumba alikuwa na mizinga miwili. "Nyumba chukua," aliniambia, "ila hawa nyuki nitawaeleza nini? Wao hawasomi hati." Basi nikaandika jinsi atakavyorudi kuvuna, nikaweka na mvumo wao, na alizeti za jirani, na harufu ya moshi wa kuvunia.

Nafundisha sekondari, na kila alfajiri kabla ya kwenda shule naandika riwaya. Wakati huo nilikuwa naandikia juu ya meza ya kupigia pasi, katika chumba cha kupanga, redio ya jirani ikinisomea matangazo ya vifo sikioni. Nyumba ya mzee ilikuwa na chumba kidogo chenye dirisha la mashariki. Nilipokiona sikuuliza tena habari za choo wala paa.

Afisa alinieleza kwamba mpaka nimalize mkopo nyumba itakuwa rehani ya benki, kwa hiyo upekuzi wa hati na mkataba wa mauziano lazima vifanywe na wakili wanayemwamini wao. Akanisogezea orodha. Majina matatu, mawili ya mawakili wa Dodoma. La tatu la hapahapa Singida Mjini, na hilo nililifahamu kabla jicho halijafika mwisho wake.

Tulisoma darasa moja. Shuleni kwetu kulikuwa na gazeti la ukutani, na hadithi zake zilibandikwa kando ya zangu. Saa ya mapumziko wanafunzi walisimama mbele ya ukurasa wake, mabega kwa mabega, na waliokosa nafasi ndio waliosoma wangu. Nilikuwa nahesabu migongo. Yeye hakuwahi hata kwenda kuangalia.

Nikaweka kidole kwenye jina moja la Dodoma.

"Mwalimu!" afisa alicheka. "Kisima kiko mlangoni, wewe unabeba ndoo kwenda mtoni?"

Wakili wa Dodoma alikuwa mtu mpole na mwenye kazi nyingi. "Wiki ijayo, mwalimu," alisema, na wiki iliyofuata akasema hivyohivyo. Jumatatu moja mzee akanipigia. Sijamaliza shikamoo, akanikatiza.

"Mwanangu, kuna mfanyabiashara wa sokoni amekuja na fedha mkononi. Anataka kujenga banda la kuku. Mizinga anasema ataichoma moto. Nimekupa neno langu, lakini binti yangu ananisukuma. Nitakungoja hadi Ijumaa."

Jumatano nilipanda ngazi za ofisi ya yule niliyemkimbia, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kabla sijaketi, macho yangu yalitafuta kwenye rafu zake hata kitabu kimoja cha hadithi. Hakikuwepo, na nilifurahi kama mwizi.

"Eh, jirani yangu wa ukutani!" alisema. "Karibu. Habari za Dodoma?"

"Nani kakwambia?"

"Mji huu? Benki yenyewe imenitania. Kaa, usinune. Lete karatasi."

Nilikaa. Nikashindwa kujizuia. "Huandiki tena?"

"Niliacha kitambo. Ni kama kuacha sukari kwenye chai, wiki ya kwanza tu ndiyo ngumu."

Laiti angesema kwa uchungu! Ningemwonea huruma, tungekuwa marafiki. Lakini alisema huku anachonga penseli. Kitu ninachokiamkia kila siku gizani, nikikiomba kama maji, yeye alikitua njiani kama mtu anayetua kikapu, wala hakugeuka kukitazama.

Penseli ikapita juu ya mvumo, ikapita juu ya alizeti. "Mkopo ukikushinda, benki haiwezi kuuza harufu ya moshi," alisema. Kisha akasimama kwenye ahadi yenyewe ya kuvuna. "Hapa hujasema mwisho ni lini. Mzee akifa, watoto wake wataendelea kuingia kwako? Na wewe ukiuza?"

Aya nzima, na hilo sikulifikiria.

Akampigia mzee, akamwuliza anavuna mara ngapi kwa mwaka na miguu yake anaiamini kwa muda gani. Alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. Kesho yake upekuzi wa hati ukarudi safi, na Ijumaa tulikuwa watatu mezani pake. Alisoma mkataba kwa sauti kavu, kipengele kwa kipengele, mpaka akafika hapa:

"Nyuki hawamo katika mauzo. Muuzaji ataingia kuvuna kwa misimu mitatu; baada ya hapo watakuwa wa yeyote wanayeishi naye."

Mzee alivua kofia, akaiweka magotini. "Rudia, mama."

Akarudia.

Mzee akanigeukia. "Mwalimu, ndicho ulichokuwa unataka kusema kwenye zile karatasi?"

"Ndiyo, baba," nilisema, nikasaini.

Nyumba ni yangu sasa, yangu na ya benki. Kila alfajiri naketi kwenye dirisha la mashariki, naandika sentensi, naiweka kando ya ile ya wakili, kisha naifuta. Nimejaribu kuiingiza kwenye riwaya, nikampa mhusika aiseme. Ikawafanya wahusika wengine wote waonekane wanabwabwaja. Nikaitoa.

Msimu wa kwanza mzee alikuja na moshi wake, akavuna taratibu, akaosha mikono bombani. Aliniachia chupa mbili.

"Hii ndogo yako. Hii kubwa mpelekee wakili. Mwambie yale maneno yake nayasema hata kwa wajukuu."

Kutoka hapa hadi ofisini kwake ni mwendo mfupi wa bodaboda. Chupa kubwa bado iko dirishani pangu, wiki ya tatu sasa, na jua likichomoza hupita ndani yake kwanza kabla ya kufika kwenye karatasi yangu. Asali haiozi, najiambia.