Mota Moja, Jicho Moja

Mimi subira sikujaliwa. Chai naimeza ikiwa bado ya moto, na wanafunzi wangu wa Lisekese, hapa Masasi, wanajua kwamba nikiuliza swali nalijibu mwenyewe kabla hawajanyoosha mikono. Kwa hiyo wakala wa magari ya umeme aliponiambia kwa simu kwamba kigari cha mota moja kipo, ila cha mota mbili nisubiri mwakani, kichwa kilinichemka.

"Kwa nini msitoe yote pamoja?"

"Mwalimu, betri zenyewe hazitoshi. Halafu gari ni jipya. Wakitoa aina zote siku moja, hitilafu ikijitokeza itakuwa kwenye yote. Wanaanza na jepesi, wanaona barabara inasemaje, wanarekebisha, ndipo wanaleta lenye nguvu."

"Yaani mimi ndiye wa kujaribiwa."

Akacheka. Mimi sikucheka. Niliona ujanja mtupu: ununue dogo leo, mwakani utamani kubwa, uingie tena mfukoni.

Ningesubiri, lakini mama yangu alikuwa anapofuka. Anaishi peke yake Newala, juu kule, na macho yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Basi hapandi. Harufu ya dizeli inamtapisha tangu ujana wake, na gari la petroli ni hivyohivyo. Alikuwa ameniambia wazi: "Siku utakayokuja na kitu kisichonuka nitashuka Masasi. Vinginevyo niacheni na giza langu." Jumapili moja akanisimulia, huku anacheka, jinsi alivyotia chumvi kwenye chai. Kesho yake nikanunua la mota moja.

Nilipanda kumchukua alfajiri kwenye baridi, peke yangu, gari likafika bila shida. Kushuka kulikuwa raha tupu. Mama alikaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, akiuliza kila baada ya muda kama gari limezimika. Mimi njia nzima nilikuwa namsema wakala na kiwanda chake.

Hospitalini daktari alimpima, akasema leo atamfanyia upasuaji jicho la kulia. La kushoto tulirudie baada ya miezi miwili.

"Daktari, tumetoka Newala," nikasema. "Si umalizie yote?"

"Jicho likiingia uchafu, unataka yawe yote mawili?"

Mama ndiye aliyeongea, ametulia kama yuko kanisani. "Si mambo yaleyale ya gari lako? Wanaanza na moja waone. Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Wauguzi wakacheka. Niliona aibu, na hasira pia, kwa sababu nilijua kumshusha mara ya pili si kazi ndogo. Akipata safari mbaya hata moja, basi, jicho la kushoto tungelisahau.

Baada ya upasuaji alilala kwangu. Asubuhi muuguzi alikuja nyumbani, akamfungua bandeji nikiwa nje nachomoa waya wa chaji, akamvisha miwani myeusi na kumkataza kuinama wala kubeba kitu. Tukaondoka. Safari hii Mama hakuuliza kama gari limezimika. Nikadhani jicho linamuuma, nami nikaogopa kuuliza.

Kwenye mlima wa kupandia Newala, taa nyekundu ikawaka. Mota imepata moto. Gari likawa linatambaa, kisha likagoma kabisa, na kina mama waliobeba kuni wakatupita kwa miguu huku wanatupa pole. Nikashuka, nikalipiga teke tairi, nikampigia wakala.

"Lipumzishe nusu saa, Mwalimu," akasema. "Na asante, taarifa hiyo kiwanda kinaihitaji sana."

Nilimkatia simu. Nikazunguka gari, nikafungua boneti, nikafunga, nikatazama saa. Moyoni nilikuwa nimeshakata tamaa. Mama ameshuka, amesimama kando ya barabara juani, na mimi ndiye niliyemwahidi safari njema. Lile la mota mbili lingekuwepo, saa hizi yuko kwake.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Jicho la pili lisubiri gari lenye nguvu lije. Mwakani."

Akavua miwani. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, linatoa machozi, lakini lilikuwa linanitazama mimi, si upande inakotokea sauti yangu. Miaka mingapi sikuwa nimetazamwa hivyo, sijui.

"Tangu Masasi naangalia kisogo chako," akasema. "Mvi tupu. Mimi kichwani mwangu wewe bado una nywele nyeusi."

Nikajishika kichwa bila kutaka.

"Kumbe umezeeka, baba. Ndiyo maana una haraka."

Akarudisha miwani yake, akapapasa mlango, akaingia na kukaa.

"Miezi miwili ikiisha uje na hilihili," akasema. "Likichoka, tutapumzika. Hiyo mwakani mimi sina."