Levina, Golikipa wa Akiba

Levina Mathias alikuwa golikipa wa akiba wa Kwihara Queens kwa miaka saba, na katika miaka hiyo yote hakucheza hata dakika moja ya ligi. Nasema hivyo bila wasiwasi kwa sababu mimi Hafsa ndiye katibu wa timu, na fomu za majina ya wachezaji nazijaza mimi. Kila mechi nimemwandika chini kabisa, kwenye kundi la akiba. Yeye alikuwa anakuja, anavaa glovu, anawapasha moto wenzake, halafu anakaa benchi akiwa amenyooka mgongo kama yuko kanisani. Mechi ikiisha anakusanya mipira.

Wala hakuwa mbovu. Levina ni mtu wa Lusu, kule Nzega, na kwao maboga yakivunwa watu hurushiana kutoka shambani hadi kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Tangu ana miaka kumi, yeye ndiye aliyekuwa anasimama juu ya mkokoteni na kudaka. Boga likikuponyoka linapasuka na mama yako anakuona, kwa hiyo alijifunza kutoponyokwa na kitu. Tatizo lake lilikuwa moja tu, naye anaitwa Irankunda. Huyu ni binti wa Ulyankulu mwenye mikono mirefu na moyo wa simba, golikipa wetu namba moja, ambaye kwa miaka saba hakuugua hata mafua. Mimi nampenda Irankunda, lakini kuna siku nilitamani apate homa kidogo tu, ya siku mbili.

Sasa kilichomtesa Levina si benchi. Benchi alishalizoea. Kilichomtesa ni baba yake. Mzee Mathias ni katekista, mtu anayeheshimika Lusu nzima, na Levina alipojiunga na timu alimwambia, "Baba, mimi ni golikipa wa Kwihara Queens." Hapo hakusema uongo. Mengine yote mzee aliyaongeza mwenyewe. Aliwatangazia jirani zake kwamba lango la Kwihara Queens linalindwa na mwanawe, na kila Jumapili alikuwa anamwombea mbele za watu. Kila mwaka uliopita ukweli ulizidi kuwa mgumu kusema. Mechi zetu hazikuwa zinatangazwa popote, Lusu ni mbali, na mzee hana miguu ya kusafiri. Levina akanyamaza, na kimya chake kikakaa miaka saba.

Machi mwaka 2020 korona ikaingia, ligi ikasimamishwa. Tukafunga kambi yetu pale Mtendeni, kila mtu akarudi kwao. Levina alikwenda Lusu kuvuna mpunga, na huko, aliniambia baadaye, alikaribishwa kama waziri. Wazee walikuwa wanamsimamisha njiani kumuuliza atawafanya nini wale wa Dar es Salaam ligi ikirudi. Yeye anajibu, "Mungu akipenda," huku anaongeza mwendo.

Juni ligi ikaruhusiwa kuendelea. Mimi nilikaa na simu siku mbili nikiita watu kutoka kila kona. Mmoja alikuwa amenenepa, mwingine amesahau viatu kwa shangazi yake Urambo, mwingine simu yake inapokelewa na mume ambaye hatukuwahi kusikia habari zake. Halafu Irankunda akanipigia mwenyewe. Alikuwa anamsaidia kaka yake kushusha tumbaku kwenye bani, lile banda la kukaushia, boriti ikamwangukia mkononi, vidole viwili vimefungwa bandeji. Wiki tatu hawezi kudaka.

Nilisikitika, msinielewe vibaya. Nilisikitika kama dakika mbili. Kisha nikampigia Levina.

"Mechi ya kwanza ni Jumamosi, nyumbani, na wale wa Dar," nikamwambia. "Golini ni wewe."

Nikasikia kishindo. Nilidhani simu imemdondoka, kumbe anakaa chini. Nikaendelea, "Halafu kuna jambo jingine. Kwa kuwa mashabiki watakaoruhusiwa ni wachache, redio ya hapa mjini itatangaza mpira moja kwa moja. Inasikika mpaka Nzega."

"Hadi Lusu?"

"Mpaka Lusu."

"Hafsa," akasema, "nisipodaka Jumamosi hii, mimi kwetu sirudi tena."

Jumamosi ikafika. Kama mnaukumbuka mwaka ule, mnakumbuka na nyungu. Nchi nzima ilikuwa inajifukiza, na sisi hatukubaki nyuma. Mpishi wetu, mama Eustadia, alikuwa na sufuria kubwa la kambi, na asubuhi ile alilijaza majani ya mwembe, ya mpera, ya mwarobaini, mchaichai na malimau, akawaingiza wachezaji chini ya blanketi wawili wawili. Wakatoka wamelowa, wananukia kama bustani, wanacheka. Hapakuwa na neno.

Neno lilikuja saa tisa na robo alasiri. Levina alipiga chafya. Chafya moja. Mwaka ule chafya moja ilitosha kuwahamisha watu chumba. Wenzake wakamwangalia, naye akaziba pua kwa mikono miwili. "Watanizuia getini," akasema. "Nikipiga chafya pale watanizuia."

"Hakuzuii mtu," Eustadia akasema. "Njoo nikupige moja ya nguvu, hiyo chafya iishe kabisa."

Na mimi, msomi wa timu, mwenye cheti, ndiye niliyeshika ncha ya blanketi isipitishe hewa. Tulimweka mle dakika ishirini. Alipotoka uso ulikuwa mwekundu kama nyanya, na Eustadia akamfunga khanga mbili na sweta ili asipigwe na upepo. Kutoka kambini hadi uwanjani ni dakika tano kwa bajaji. Tukafika getini tukiwa na furaha tele, chafya imekwisha.

Getini alikaa nesi Amne na kile kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Wachezaji wote walishapita. Akampima Levina, akaangalia, akampima tena.

"Thelathini na nane nukta sita," akasema. "Huyu haingii."

"Hiyo ni nyungu!" Eustadia akapiga kelele. "Nesi, huyu nimemtoa kwenye nyungu sasa hivi!"

"Mama, hata mimi nimejifukiza asubuhi. Lakini kipimo hakijui nyungu. Akae pale kivulini, peke yake. Baada ya nusu saa nampima tena. Ikishuka chini ya thelathini na saba na nusu anaingia, isiposhuka anarudi nyumbani."

"Nusu saa mpira utakuwa umeanza!"

"Basi mngemtoa mapema jikoni."

Nilitaka kumjibu nesi kwa maneno ambayo katibu hatakiwi kuyasema, lakini alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ni sisi tuliompika mtoto wa watu. Nikaenda ndani kubadilisha fomu. Kocha Revocatus akamchukua Janeti, beki wetu mrefu, akamvalisha jezi ya golikipa. Na mimi kwa mkono wangu nikamwandika Levina akiba. Kalamu ilikuwa nzito, wallahi.

Saa kumi kamili mpira ukaanza. Nikarudi getini. Levina alikuwa amekaa kwenye tofali kivulini, sweta limevuliwa, na Eustadia amesimama hatua mbili kutoka kwake anampepea kwa khanga mithili ya mtu anayewasha jiko, huku analia. Nilichukua chupa ya maji nimmwagie kichwani, lakini nesi Amne akaniona.

"Usoni hapana! Utanidanganyia kipimo. Mpe anywe."

Akanywa. Mlinzi wa geti alikuwa amefungua redio ya simu yake, na sauti ya mtangazaji Raymundi ikatufikia pale: "Golini mwa Kwihara Queens leo yuko Janeti, ndiyo, Janeti, ambaye kwa kawaida tunamwona kwenye ulinzi..."

Simu ya Levina ikalia ujumbe. Ni kaka yake wa Lusu. Akausoma, akanipa nami nisome. *Baba anauliza Janeti ni nani.*

Levina hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Aliinama tu akaangalia glovu zake mapajani. Dakika ya kumi na tisa tukasikia kelele kutoka upande wa wageni, na Raymundi akathibitisha kwamba tumefungwa. Ujumbe mwingine ukaingia. *Baba amesimama. Watu wamejaa hapa.*

Nusu saa ilipotimia nesi Amne akaja mwenyewe, hakusubiri kuitwa. Akaelekeza kipimo. Thelathini na saba nukta saba.

"Bado," akasema.

"Nesi," Levina akasema kwa sauti ndogo, "nimesubiri miaka saba."

Amne akamtazama. Akavuta kiti chake, akakaa mbele yake, umbali ule ule ulioamriwa, akaanza kumpepea na yeye kwa kitabu cha mahudhurio. "Basi tusubiri dakika tano zaidi," akasema. Ndipo nilipomsamehe yule nesi kila kitu. Tukampepea watatu, mmoja mbele, mmoja kulia, mmoja kushoto, na mlinzi akaacha geti akasimama nyuma kuzuia jua. Dakika tano baadaye kipimo kikasoma thelathini na saba nukta tatu.

"Pita!" Amne akasema. "Kimbia!"

Hakukimbia, aliruka. Dakika ya thelathini na sita Janeti alivua glovu kwa furaha kubwa kuliko ya mtu yeyote uwanjani akarudi kwenye ulinzi, beki aliyeshika nafasi yake akatoka, na Raymundi akatangaza: "Mabadiliko. Anaingia golikipa, Levina Mathias!"

Mpira wa kwanza uliomjia ulimponyoka. Nikajishika kichwa. Ukagonga mwamba, ukamrudia kifuani, akaukumbatia. Akanyanyuka, akajipangusa vumbi, halafu akaanza kupiga kelele.

Hapo ndipo nilipogundua tulikuwa na kitu gani benchi. Siku za kawaida mashabiki wana vuvuzela na ngoma, golikipa hasikiki. Siku ile uwanja ulikuwa kimya, watu wameketi mbali mbali na barakoa zao, na sauti ya Levina ikasikika hadi barabarani. Kumbe miaka saba alikuwa anausoma mchezo. Alimjua kila beki wetu na uvivu wake. "Janeti, umelala kushoto! Zuena, huyo namba saba hageuki mguu wa kulia, mkabe kushoto! Rudini, rudini, msinitazame mimi!" Wakarudi. Kipindi cha pili Zuena akasawazisha kwa kichwa, na dakika za mwisho wageni walipopata kona mfululizo, Levina alikuwa anaitoa mipira hewani mmoja mmoja kama yuko kwao juu ya mkokoteni. Mpira ukaisha bao moja kwa moja. Sare, lakini mtu asiyejua angedhani tumechukua kombe.

Tulikuwa bado tumekaa kwenye nyasi, Irankunda na bandeji yake akiwa amekuja kutucheka wote, simu ya Levina ilipoita. Akaiweka sauti ya nje na kuilaza chini.

"Levina! Wewe una akili kweli?" Sauti ya mzee Mathias ilitufikia wote. "Watu wazima tumekaa na redio tangu saa tisa, wewe unaingia dakika ya thelathini na sita! Miaka saba uko kazini, leo ndiyo unachelewa?"

Tukaangua kicheko. Levina naye akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Nilijua anachofikiria. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi: angesema samahani baba, sitachelewa tena, na yote yangekwisha hapo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nijibu."

"Baba, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kucheza."

"Ya kwanza mwaka huu?"

"Ya kwanza kabisa. Miaka yote hii nilikuwa benchi. Sikukwambia."

Kule Lusu watu walikuwa wanaongea nyuma ya mzee, na wote wakanyamaza. Tulisikia kuku.

"Benchi," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kocha wako yupo hapo?"

Kocha Revocatus, ambaye huwa anawafokea waamuzi bila woga, aliishika simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimemsikia mtoto wangu leo anawapanga wenzake hadi mtangazaji akanyamaza. Wewe ulikuwa unamtunza wa nini?"

Kocha akatuangalia. Hakuna aliyemsaidia. "Mzee," akasema mwisho, "nilikosea."

"Haya. Mrudishie simu."

Levina akainama karibu na simu. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye glovu na hakuyafuta. "Baba, nisamehe."

Mzee akakohoa, na alipoongea tena ukali wote ulikuwa umemtoka.

"Mwanangu, ungeniambia tu," akasema. "Miaka saba nimekuwa nikikuombea ushinde, kumbe nilitakiwa nikuombee uingie."