Kinyozi wa Kiriaini na Mapunye ya Binti Yangu

Kinyozi wetu pale Kiriaini alikuwa na desturi moja niliyoipenda tangu siku ya kwanza. Kabla mashine haijagusa kichwa cha mtoto, alikipapasa chote kwa vidole, taratibu, kama mama anayechagua parachichi sokoni. Wenzake walinyoa tu. Yeye alitazama kwanza.

Siku hiyo nilitamani asitazame. Ilikuwa Jumamosi, shule zinafunguliwa Jumatatu, na mwalimu alitaka vichwa vyote vije vimenyolewa, vya wasichana pia. Binti yangu wa darasa la pili alikuwa na mapunye mawili nyuma ya sikio, ya mviringo, meupe, nywele zimekatika. Sikumpeleka hospitali. Kwetu mapunye ni aibu. Watu husema mtoto haogeshwi. Nilichukua dawa ya kupe, ile tunayomnyunyizia ng'ombe, nikampaka. Kama inaua kupe, mapunye ni nini? Mtoto alilia mpaka jirani akaja kuuliza. Kesho yake ngozi ilikuwa imebabuka na kidonda kinatoa maji. Nikamvisha boshori, kofia ya sufu, nikamwambia asiivue mbele ya watu.

Kinyozi aliivua. Akapapasa, akasimama, akazima mashine.

"Hii kichwa siwezi nyoa leo, mama. Iko na mapunye, na iko na kidonda."

Benchi lilikuwa limejaa akina mama, wote ninaowajua, wengine tunachuna majani chai pamoja. Mimi nikishikwa na aibu huwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa.

"Si ni wewe ulimnyoa hapo mbeleni?" nikasema. "Ni wewe ulimpea. Hiyo mashine yako ndio imemchoma."

Aliinama tena juu ya kichwa cha binti yangu, nikaona pua yake inanusa. Dawa ya kupe haifichiki. Harufu yake hukaa siku nyingi, na kila mwenye ng'ombe anaijua. Yeye ana ng'ombe wawili. Akainua macho, akanitazama. Alijua. Neno moja tu lingemtosha kuliokoa jina lake.

"Mapunye inaweza kuwa ilitoka kwa mashine yangu," akawaambia wale mama. "Sina hakika, lakini siwezi nyoa watoto wenu nayo hivi. Nafunga nisafishe kila kitu. Mkiona alama kwa kichwa ya mtoto, mpelekeni kwa daktari. Msipake kitu ya nyumbani."

Hilo la mwisho alilisema akiangalia sakafu, ili asiniangalie mimi. Kisha akafunga duka, siku ambayo kinyozi huisubiri muhula mzima, na benchi lote likahamia kwa kinyozi mwingine ng'ambo ya barabara.

Daktari wa zahanati alinieleza kwamba mapunye ya kichwani huingia hadi kwenye mizizi ya nywele, kwa hiyo kupaka juu peke yake hakutoshi. Akaandika vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa. Kidonda, akasema, ni cha sumu niliyompaka mwenyewe. Nilimshukuru, nikatoka, nikanyamaza. Mtoto alipona, nywele zikaanza kuota.

Lakini maneno yangu yalikuwa yameshasambaa. Kwenye shamba la chai niliyasikia yakinirudia yakiwa yamenenepa: ati mashine ya yule mtu inachoma watoto, ati alifungiwa na serikali. Nilichuna majani nimeinamisha kichwa. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani, na bado sikusema. Kila nilipopita nilimwona peke yake ndani, koti lake jeupe limepigwa pasi, anatoa vichana na visu vya mashine kwenye spiriti na kuvipangusa kimoja kimoja, ingawa hapakuwa na aliyenyolewa. Akiniona alinisalimia.

"Mtoto anaendelea aje?"

Hakuwahi kuongeza neno. Nimeishi na watu wa kanisa na wazee wa heshima, lakini sijapata kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu huyo.

Likizo iliyofuata ilipokwisha, foleni ng'ambo ilifika barabarani. Kwake kiti kilikuwa kitupu. Nilipita katikati ya wale mama, nikaingia kwake, nikaketi, nikafungua kitambaa changu cha kichwa. Nywele zilikuwa ndefu, nimezilea tangu kabla sijaolewa.

"Ninyoe zote."

"Ati zote, mama?"

"Nyoa."

Mlango ulikuwa wazi. Niligeukia barabara nikapaza sauti, na sauti ninayo. "Mtoto wangu hakuchomwa na hii mashine. Ni mimi nilimpaka dawa ya kupe. Huyu alijua, na akaninyamazia."

Kinyozi alisimama mashine mkononi, na kwa muda nilidhani atanifukuza, na ningeondoka bila kinyongo. Akaniwekea shuka mabegani, akalifunga, akaanza upande wa kushoto.

Nusu ya nywele zangu ilikuwa mapajani nilipomwona mama mmoja akivuka barabara, amemshika mtoto wake mkono. Kinyozi alimwona pia.

"Keti kwa benchi, mama," akamwambia. "Namaliza na huyu."