Picha ya Kichwa cha Baba Eddah

Hapa mtaani Kapsoya, Githinji anajulikana kwa mambo mawili: mashine yake ya kusaga mahindi, ambayo ikinguruma humsikii hata mtoto wako akilia, na pombe. La pili limepita, lakini sisi majirani hatusahau haraka. Mimi Nabwire nashona nguo kwenye kibanda kinachopakana na mashine hiyo, kwa hiyo mengi niliyaona kwa macho, na mengine yalinifikia kupitia mabati.

Alikuwa mlevi mpole. Angekusalimia vizuri, akuulize habari za watoto, kisha akupe unga wa mtu mwingine. Mara tatu aliapa kanisani kwamba ameacha, na kila mara aliacha kweli, mpaka siku alipopita mbele ya ile baa ya karibu na stendi. Tulisema hana aibu. Mimi nilisema hivyo kwa sauti, tena akiwa anasikia.

Mwaka jana Daktari Kimutai, aliyekuwa akimtibu, akamwomba ajiunge na utafiti wa walevi. Kazi yake ilikuwa kulala ndani ya mtambo unaopiga picha za ubongo. Githinji, mpenda mashine, alikubali kabla hajaelezwa vizuri. Alirudi akicheka.

"Nabwire, hiyo kitu inapiga kelele kushinda yangu, na haisagi hata gorogoro moja ya mahindi."

Mle ndani walimwonyesha picha moja moja: kiti, kikombe cha chai, halafu glasi ya bia yenye povu. Hakutikisa hata kidole, akajua amewaweza. Kumbe mtambo ulikuwa unamwona. Daktari alimwonyesha kwenye kompyuta kwamba kila bia ilipotokea, sehemu ya ndani ya ubongo, ile ya kutamani, iliwaka nyekundu, na ile ya mbele, inayomzuia mtu, ikafanya kazi kivivu. Hakuwa ameonja tone. Kuona tu kulitosha.

"Kumbe nashindwa hata kabla sijaingia baa," Githinji akasema.

Daktari akakubali kwamba kwake ni hivyo, na ndiyo sababu kuapa peke yake hakujamfaa. Angehitaji dawa, ushauri, na kukaa mbali na vitu vinavyomwasha. Akamwonya pia kwamba picha ile haitibu mtu, na wala si kisingizio.

Kisingizio alikijaribu wiki hiyo hiyo. Alifika nyumbani jioni ananuka, akamwambia mkewe Nyaguthii, "Si mimi, Mama Eddah. Ni ubongo."

"Sawa," Nyaguthii akamjibu. "Huo ubongo ulale nje. Wewe ingia."

Alilala kwenye magunia ya mahindi, na nadhani magunia yalimfundisha kitu. Alianza kumeza dawa zake. Kila Alhamisi alienda kwenye kikundi cha wanaoacha pombe. Akienda mjini alizunguka njia ndefu kama mtu aliyeibia nusu ya mtaa, ili tu asiione ile baa, nasi tukamcheka. Kalenda ya bia iliyokuwa ukutani akaibandua, akatundika picha ya kichwa chake aliyopewa na daktari. Mteja akiuliza, alimweleza kama fundi wa gari: hapa panawaka, hapa ni breki. Miezi minane ikapita bila tone. Niliona haya kwa maneno yangu ya zamani, nikamwomba msamaha.

Halafu Lennox, mwalimu wa hesabu, mtoto wa Mzee Oketch wa Kisumu, akataka kumwoa Eddah, binti pekee wa Githinji. Siku ya ruracio, wakwe wanapokuja kuposa, Muigai, kaka mkubwa wa Githinji, alitoka Burnt Forest na kibuyu cha muratina, ile pombe ya asali, pamoja na pembe ya kunywea. Kwa desturi yao binti humimina, akamkabidhi baba, na baba humuuliza, "Ninywe?" Akijibu ndiyo, amemkubali mume. Akijibu hapana, wageni wanarudi kwao.

Nyaguthii alikuwa ameomba pembe itiwe uji. Muigai hakutaka kusikia.

"Uji ni wa wagonjwa. Atalowesha mdomo tu, kidogo."

"Kaka, kwangu hakuna kidogo," Githinji akasema. "Hata kuiona tu, inaniwasha."

"Picha ya kompyuta ndiyo itavunja mila?"

Mkubwa akisema amesema, na wageni walikuwa wameshakaa hemani.

Eddah akamimina, akapiga goti, akampa babake pembe. Mimi nilikuwa karibu, niliiona muratina ikimwagika vidoleni mwa Githinji. Hakuitazama. Alimtazama binti yake.

"Eddah, ninywe?"

Eddah alimpenda Lennox, hilo tulilijua sote, lakini miezi ile minane aliihesabu yeye mwenyewe, siku kwa siku. Midomo ilifunguka, neno halikutoka. Machozi ndiyo yaliyotoka. Shangazi mmoja akaguna. Mzee Oketch akaanza kutafuta kofia yake. Nikamlaani Muigai kimya kimya pamoja na kibuyu chake.

Githinji akashusha pumzi.

"Ngoja nikuulize vizuri, mama," akasema. "Kwani kwetu baba ni mmoja? Baba yako mkubwa anywe?"

"Anywe!" Eddah akajibu hata kabla hajamaliza. "Anywe yote, Baba."

Hema zima likacheka, Mzee Oketch akarudisha kofia gotini, na Muigai, aliyeyataka mwenyewe, akainywa pembe nzima watu wakimtazama mpaka tone la mwisho.

Nilimfuata Githinji nyuma ya nyumba. Nyaguthii alikuwa akimmiminia maji, naye ananawa mikono mara ya pili, maana muratina ilikuwa imemmwagikia vidoleni.

"Imewaka?" Nyaguthii akamuuliza.

"Imewaka sana."

"Na breki?"

"Imeshika, Mama Eddah. Ongeza maji."