Tulichimba cellar kwa harambee Bordesley Green, nusura nyumba ituangukie

Wakuu, hamjambo. Nimesoma uzi wa yule kijana anayetaka kuchimba basement na wajomba zake, nikashindwa kunyamaza. Haya yalinipata mwenyewe, sina haja ya kuwatilia chumvi.

Miaka ya sabini, mimi nurse, bwanangu yuko kiwandani. Tulinunua nyumba Bordesley Green, huku kwa Waingereza, zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Chini kulikuwa na cellar, chumba cha ardhini cha kuwekea makaa. Giza, unyevu, na bwanangu alikuwa anatembea mle ameinama.

Niseme tu, niliiogopa hiyo cellar tangu siku ya kwanza.

Shemeji alikuwa anakuja kutoka Kenya kusoma na vyumba vya juu vimejaa watoto. Tukaamua cellar iwe chumba chake. Nikasema tutafute contractor, fundi aliyesomea hii kazi.

Bwanangu akacheka. "Kwani nyumba ya baba ilijengwa na contractor? Si watu walikuja tu?"

Basi Jumamosi watu wa fellowship yetu ya kanisa wakaja. Mmoja alitoka mbali, Kingstanding, na sepetu yake kwenye basi! Mimi napika chapati, wao chini wanaimba na kuteremsha sakafu ili mtu asimame wima.

Sasa wakuu, kwetu hao wanaume walikuwa wamejenga nyumba nyingi, lakini za peke yake uwanjani. Hakuna aliyejua kwamba ule ukuta wa katikati, wetu na wa jirani, ulikuwa na msingi mfupi sana. Walichimba wakaupita chini.

Jumatatu asubuhi mlango wa jikoni ukakataa kufunga. Nikatazama juu ya sinki, nikaona ufa unaoingia kidole. Nikamwita bwanangu, alikuwa hajaenda kazini.

Nikakimbia kwenye simu ya barabarani. Mwenzangu wa wodini alikuwa amenipa namba ya contractor wa Hockley, Singasinga aliyekulia Kisumu. Alikuja na van na vijana wake wawili. Akashuka cellar, akapanda haraka kuliko alivyoshuka.

"Mama, toa watoto. Usirudi kuchukua kitu. Nani anakaa upande ule?"

Bibi mmoja Mwingereza, peke yake, ambaye hatukuwahi hata kusalimiana. Nilimgongea mlango. Akatoka na slippers, tukasimama wote barabarani.

Ndipo nikagundua bwanangu hayupo.

Alikuwa ameshuka tena! Anarudishia udongo ukutani kwa sepetu, eti ukae kama ulivyokuwa.

Contractor akamfuata na nguzo za chuma. Nikasikia akifoka, "Mzee, wacha! Huo udongo haubebi kitu sasa. Toka!" Kisha nyundo. Kisha kitu kikaanguka, kizito. Kisha kimya.

Wakuu, kile kimya simwombei hata adui. Mtoto analia mgongoni, mimi siwezi hata kumbembeleza. Yule bibi akanishika mkono. Nilikuwa tayari najiuliza nitamwandikia nini mama mkwe.

Bwanangu akatokea mlangoni, mweupe kwa vumbi. Matofali yalikuwa yameporomoka pale alipokuwa amesimama, contractor alikuwa amemvuta shati.

Nilimpiga kibao mbele ya majirani wote. Halafu nikamkumbatia nikalia.

Contractor alijenga msingi mpya chini ya ukuta, kipande kwa kipande, kisha akaimalizia cellar vizuri. Shemeji akakaa mle mpaka akamaliza masomo. Mimi nilikuwa namwitia chakula nikiwa juu ya ngazi.

Funzo langu: harambee ipake rangi na kubeba vitu. Ukuta umwite aliyesomea, na aje kabla sepetu haijagusa chini.

Kijana, najua wajomba zako wanakupenda. Hata wale waliotuchimbia walitupenda sana, na walikuwa wanaimba.

Haya, waliowahi kuponea chupuchupu na ujenzi wa kusaidiana waseme, nipo nasoma.