Kutoka Misa Hadi Utambi

Juma lililopita niliitwa kwenye mafunzo katika ukumbi wa parokia, hapa Butembo. Vijana wawili waliovaa jile za kijani, vile vizibao visivyo na mikono, walikuja kutufundisha jinsi ya kutumia tena vitu vya nyumbani badala ya kuvitupa mtaroni. Kila mmoja aliambiwa aje na kitu chakavu kutoka kwake. Rafiki yangu, nilipekua chumba changu cha kupanga asubuhi nzima. Beseni nililinunua juzi juzi, sufuria ni mbili na zote bado zinang'aa, godoro nilipewa na majirani nilipofika hapa nikikimbia vita. Sikupata kitu kikuukuu hata kimoja. Nikaenda mikono mitupu.

Mimi huyu, niliyelelewa na nyanya ambaye alichokuwa akikimwaga ni maji ya kuoshea sahani tu, na hayo pia aliyamwagia mboga zake za lenga-lenga nyuma ya jiko.

Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya Beni, ndani ya shamba la kakao. Ukifika mchana ulipokelewa na harufu ya mbegu za kakao zilizoanza kuchacha, kisha mlio wa mchi ukitwanga sombe, majani ya muhogo, kisha nyanya mwenyewe akiuliza umeleta nini. Dumu la mawese likipasuka alilikata katikati: nusu ya juu ikawa ya kumiminia mafuta, nusu ya chini ikawa ya kunawia wageni. Mpira wa baiskeli uliokwisha aliuchana kamba za kufungia mbuzi. Kazi yangu ilikuwa mikebe. Niliisugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikaniuma, halafu yeye akaitoboa kwa msumari na kuifanya taa. Niliichukia kazi hiyo, sitakudanganya.

Lakini kitu alichokishughulikia kwa sheria kamili ni kikwembe, ile nguo wanayojifunga wanawake kwetu. Kikiwa kipya kilikuwa cha misa. Kikianza kupauka kikashuka kuwa cha soko, kisha cha shamba. Kikilainika kabisa kikawa cha kubebea mtoto mgongoni, kwa sababu mtoto hapendi nguo ngumu. Kikichanika kikaenda jikoni kushikia vyungu, na kilichobaki kilisokotwa kuwa utambi wa taa. Hakuna aliyeruhusiwa kuruka hatua. Shangazi aliwahi kulima na kikwembe cha misa, na nyanya hakumsemesha siku mbili.

Mama yangu alifariki alipomzaa mdogo wangu, nikiwa na miaka saba. Aliacha kikwembe cha misa cha vipande viwili, cha bluu, chenye maua ya njano. Nilidhani nyanya angekifunga sandukuni. Jumapili iliyofuata alijifunga kipande kimoja akaenda nacho kanisani, na mimi nikalia njia nzima. Niliona anammaliza mama. Basi nikaiba kile kipande cha pili, nikakichomeka juu kabisa, chini ya majani ya paa la jiko, mahali ambapo mkono wa mtu usingekifikia. Nyanya alikitafuta, akaniangalia, akarudi kwenye kazi zake.

Kipande cha kwanza kilishuka ngazi zake zote. Kilienda soko, kikaenda shamba, kikambeba mdogo wangu mpaka akajua kutembea. Kila kiliposhuka roho iliniuma, na kila mara nilijifariji kwamba changu kiko salama juu. Siku kile cha nyanya kilipofika jikoni, nilipanda kukishusha changu. Kilitoka kimejaa vumbi na mavi ya panya. Walikuwa wamekitafuna na kukifanya kiota, na moshi ulikuwa umekula rangi iliyosalia.

Nyanya hakunipiga. Alikaa chini akachambua yale matambara moja moja, huku akisema, "Ulipenda kukichunga, mwana wangu. Na panya nabo bakakichunga. Nguo ya mutu inataka mutu." Kilichokuwa kizima hakikuzidi kiganja. Alikishonea kwenye kiwiko cha sweta langu la shule. Nilivaa sweta lile mpaka likanibana, akalirithi mdogo wangu, na baadaye, likiwa limefumuka, likabaki limetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Miaka ikapita, nyanya akazikwa, na kiraka kile kilikuwa bado kipo.

Siku ya kukimbia sikukumbuka kuangalia nyuma ya mlango. Baadaye mdogo wangu alirudi kule kuchuma kakao, maana zilikuwa zimeiva. Hakutoka tena. Nyumba iliungua, na yeye hatukupata hata pa kumzika.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani pale ukumbini, msichana mwenye jile aliponifikia.

"Mama, weye umeleta nini?"

"Sina kitu. Ya zamani yote ilibakia kule Beni."

"Hata mukebe?"

"Hata mukebe."

Akaona haya, akanipa mkebe wa tomati kutoka mfukoni mwake. Nikaomba msumari. Mikono yangu haikusahau. Kabla hajamaliza kuwaeleza wengine, taa yangu ilikuwa tayari, mdomo wake umekunjwa usikate mtu. Wanawake wakakusanyika kutazama.

"Kumbe mama unajuaga," msichana akasema. "Donc, basi, sasa unatia utambi. Kitambaa yoyote ya zamani."

Nilitazama huku na huku. Kisha nikainama, nikakata kwa meno upindo wa kikwembe nilichokuwa nimejifunga, nikachana ukanda mrefu. Ni cha misa, nilikivaa Pasaka kwa mara ya kwanza. Jirani yangu wa benchi alinishika mkono akauliza kama naumwa. Nilikuwa nasokota, na nilijua nyanya, angekuwa hai, angeninunia kwa zaidi ya siku mbili. Kikwembe changu kilitoka misa kikaingia kwenye taa moja kwa moja. Hatua za katikati sina pa kukipitishia: shamba liko kule, jiko liliungua, na mtoto wa mwisho aliyebebwa kwa kikwembe nyumbani kwetu ni yule aliyekwenda kuchuma kakao.